Siku moja Tokyo, tena ya sikukuu: mnunue wapi, mle saa ngapi

*"Mume wangu yuko Yokohama kwa masomo ya uzamili, nami nitakwenda kumtembelea Novemba 2026. Maabara yao haimpi nafasi. Siku pekee tutakayokuwa huru wote wawili kutwa nzima ni Jumatatu tarehe 23 Novemba, ambayo ni sikukuu ya taifa kule. Tungependa kwenda Tokyo, tununue zawadi na vitu vya nyumbani, tule vizuri, turudi usiku. Rafiki yangu aliyeishi Ujerumani ananiambia sikukuu kila kitu hufungwa, nisijisumbue. Mwingine anasema tuanze na soko la samaki la Tsukiji asubuhi, kisha kila duka nioneshe pasipoti nikatiwe kodi palepale, na mume wangu naye anunue vyake kwa pasipoti yangu. Nataka sana sufuria ya umeme ya kupikia wali ya Kijapani. Sisi ni Waislamu, na nimewaza tule samaki tu ili tuwe salama. Tumetenga yen 60,000 kwa siku hiyo. Je, itatufaa au tutafute siku nyingine?"*

Dada yangu, msiibadilishe siku. Tarehe 23 Novemba inafaa kabisa kwa mnachokitaka, ila si kwa namna mlivyoelekezwa. Naona hofu yako ni kwamba mmejaliwa siku moja tu, na huenda mkaimalizia mbele ya milango iliyofungwa, au kwenye foleni, au mezani mkiwa hamjui mnachokula. Yote hayo yanaepukika mkijua sikukuu ya Kijapani inavyokwenda. Rafiki yako hakukudanganya, amekueleza ya Ujerumani.

Ujerumani sheria yenyewe huyafunga maduka siku za sikukuu. Japani haiko hivyo. Sheria ya sikukuu za taifa ya mwaka 1948 inawapa watu mapumziko, haimwambii mwenye duka afunge. Zinazofungwa ni ofisi za serikali, benki, madirisha ya posta na zahanati nyingi. Maduka makubwa ya ghorofa, maduka ya nguo, ya vifaa vya umeme, mikahawa ya familia, vyote viko wazi, na vinajaa kuliko siku ya kazi, kwa sababu ndiyo siku wateja wao wamepata nafasi ya kutoka. Siku ambayo maduka mengi makubwa hufunga kweli ni tarehe 1 Januari. Hii ya Novemba ni Sikukuu ya Shukrani kwa Kazi. Asili yake ni ibada ya mavuno, ambapo mfalme hutoa sadaka ya mchele mpya, na ibada hiyo bado hufanywa ndani ya kasri. Ndiyo maana mkila wali wiki hiyo mtaona mikahawa inajisifu kwamba wanapika mchele mpya. Uonjeni mtupu kwanza, kabla ya kumimina kitu juu yake.

Kwa hiyo jambo la kujiuliza mbele ya kila mlango ni hili: mteja wa hapa ni nani? Kama ni familia, wapenzi na watalii, patafunguliwa na patafurika. Kama ni mfanyakazi wa ofisini au mnunuzi wa jumla, pana uwezekano mkubwa pamefungwa. Kwenye mitaa ya ofisi kama Shimbashi na Kasumigaseki, vimgahawa vingi vinavyojaa mchana wa Jumanne hushusha pazia Jumapili na sikukuu, maana walaji wao wako majumbani. Mwambie shemeji asome kibao cha mlangoni au ukurasa wao: 日祝 maana yake Jumapili na sikukuu, na likifuatwa na 休 basi siku hizo wamefunga. Na akiona wanaandika kwamba hupumzika kila Jumatatu, asikate tamaa mapema. Sehemu nyingi zinazopumzika Jumatatu hufungua Jumatatu ikiwa sikukuu, halafu hupumzika Jumanne. Makumbusho ya Taifa pale Ueno hufanya hivyo. Hilo likumbuke wewe mwenyewe, dada, kwa sababu Jumanne tarehe 24 shemeji atakuwa amerudi maabara, nawe ukitoka peke yako kwenda makumbusho utakuta lango limefungwa.

Sasa Tsukiji. Soko la jumla la samaki lilihamia Toyosu Oktoba 2018. Kilichobaki Tsukiji ni soko la nje, vichochoro vya maduka ya samaki, visu, chai na vyakula vya kula umesimama. Ni mahali pazuri, lakini lipime kwa swali lile la mteja. Soko la Toyosu hufungwa Jumapili, sikukuu na baadhi ya Jumatano, kwa hiyo siku hizo hakuna mnada, na maduka mengi ya Tsukiji yanayotegemea samaki wa asubuhi hiyo nayo hupumzika. Yanayobaki wazi yanapokea umati wote. Baadhi ya migahawa ya sushi ya kizamani mjini, ile midogo ya mzee mmoja na kaunta yake, hufunga kwa sababu hiyohiyo. Tsukiji iendeeni siku nyingine ya kazi, hata kama ni wewe peke yako.

Mtaa wa Kappabashi, kati ya Ueno na Asakusa, nao ni vivyo hivyo. Huko ndiko wenye mikahawa hununua sahani, visu na vyungu, na watu wengi huwaelekeza wageni huko kwa vitu vya nyumbani. Lakini ni mtaa wa wauzaji wa jumla. Maduka kadhaa hufunga Jumapili na sikukuu. Kama shemeji anaweza kuiba saa tatu za Jumamosi, nendeni Kappabashi Jumamosi hiyo.

Nikiwapangia mimi, siku ningeianzia Ueno. Kutoka Yokohama kuna treni ya JR, kampuni kubwa ya reli, inayopita Tokyo hadi Ueno bila kubadilisha, tangu ile njia ya Ueno–Tokyo ilipofunguliwa mwaka 2015. Shemeji asitegemee ratiba aliyoizoea anapokwenda chuoni, kwa kuwa siku za sikukuu treni hufuata ratiba ya mwisho wa wiki. Mkishuka Ueno saa nne asubuhi mtaingia Ameyoko, soko lililokua kutoka kwenye biashara ya magendo baada ya Vita Kuu ya Pili kuisha 1945. Limejipanga kando ya reli na chini yake, kutoka Ueno hadi kituo kinachofuata cha Okachimachi. Huko mtapata chai, matunda makavu, vipodozi, viatu, saa na mabegi. Ni miongoni mwa sehemu chache za Tokyo ambapo muuzaji hupaza sauti akiita wateja, na ukichukua vitu viwili vitatu unaweza kuomba akupunguzie. Kwingine msijaribu. Biashara ya bei moja iliyoandikwa, bila kupatana, ilianza Tokyo karne ya 17 kwenye duka la vitambaa ambalo baadaye likawa Mitsukoshi, na ukianza kuvutana bei kwenye duka kubwa utamtia muuzaji aibu bila kupata kitu.

Wewe mvaaji wa viatu, jipime mguu kwa sentimita kabla ya kuondoka nyumbani. Viatu vya kike vya Japani huhesabiwa hivyo, na maduka mengi huishia 25 hivi. Ukizidi hapo usipoteze saa nzima kujaribu.

Baada ya Ameyoko, kula. Na hapa naomba unielewe vizuri, kwa sababu ndipo siku za watu wengi huharibikia. Tarehe 21, 22 na 23 ni mapumziko ya siku tatu mfululizo. Zaidi ya hapo, tarehe 22 Novemba Wajapani huiita siku ya wanandoa wema, kutokana na namna tarakimu zake zinavyosomeka, kwa hiyo meza za watu wawili hugombaniwa wiki hiyo. Watu wa Tokyo hula mchana kwa pamoja, saa sita hadi saa saba na nusu. Mkifika saa sita na robo mtasimama. Mkifika saa tano, mlango unapofunguliwa, mtakaa. Mkichelewa sana mtakutana na tatizo jingine, kwamba migahawa mingi huacha kupokea oda saa nane hivi, ikafunga na kufungua tena saa kumi na moja jioni. Wageni wengi huzunguka madukani mpaka saa tisa, njaa ikawapata wakati wapishi wamepumzika, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Nimeona ndoa nzuri zikinuniana pale. Kuleni saa tano, hata kama njaa haijakomaa.

Mkikuta foleni, tazameni mlangoni. Aghalabu kuna kijimeza chenye karatasi ya mistari na kalamu imefungwa kwa uzi. Unaandika jina, idadi ya watu, na kama mnataka meza au kaunta. Shemeji aandike jina fupi kwa katakana, herufi za Kijapani za majina ya kigeni, kwa sababu mhudumu atatoka na kuliita kwa sauti, na asipoitikiwa mara mbili hulipiga mstari na kwenda kwa anayefuata. Siku hizi kwingine ni mashine inayotoa namba. Kusimama tu nyuma ya mtu wa mwisho bila kuandika jina ni kujichosha, mtaona waliokuja baada yenu wanaingia.

Ndani, maji na kitambaa cha kufutia mikono huja bure. Bili huwekwa mezani, mara nyingi imeviringwa ndani ya kikopo kidogo cha plastiki. Hamlipi mezani. Mnaibeba mpaka kwa mtunza fedha karibu na mlango na kuweka pesa kwenye kisahani kilichopo, si mkononi mwake. Bahashishi msitoe. Ukiacha sarafu mezani, kuna uwezekano mhudumu akatoka mbio barabarani kukurudishia, akidhani umesahau. Kwenye vibanda vya tambi hulipwa kwanza kwa mashine ya tiketi, unaingiza noti ndipo ubonyeze chakula. Baadhi ya mashine za zamani hazikubali noti mpya zilizotolewa Julai 2024, basi mwe na noti za zamani za 1,000 pia au sarafu.

Bei nayo inahitaji maelezo. Mtaona tangazo la chakula cha mchana cha yen 900, mkiingia mkaambiwa hakipo. Hawajawalaghai. Seti nyingi za bei nafuu ni za siku za kazi tu, zimewekwa kuwavuta wafanyakazi wa ofisini, na sikukuu hupatikana menyu ya kawaida. Vilevile mikahawa ya kujipakulia huwa ghali zaidi siku hizo, na meza hupewa muda, dakika 90 au saa mbili. Mkiambiwa hivyo mlangoni msione mnafukuzwa.

Nije kwenye samaki. Dada, hapa ningependa ubadilishe mawazo kabisa. Kula samaki tu hakukuhakikishii chochote Japani. Samaki wa kuchemsha karibu siku zote hupikwa kwa sake, pombe ya mchele, na mirin, ambayo ni pombe tamu ya kupikia. Mchuzi wa tambi za soba hutiwa mirin. Siki inayochanganywa na wali wa sushi wakati mwingine nayo ina mirin, na ule mchuzi mweusi mtamu unaopakwa mkunga unayo. Kamba wa tempura, wanaochovywa kwenye uji wa unga, huweza kukaangwa kwenye mafuta yaliyokwisha kupitisha nyama. Supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, inaonekana haina neno, lakini miso ya pakiti mara nyingi huongezwa kilevi kidogo ili isiharibike. Mchuzi wa soya nao hupata kilevi kidogo kutokana na uchachushaji wenyewe. Juu ya hicho cha mwisho wanazuoni wametofautiana, nami si mwanachuoni. Muulize sheikh wako kabla hujapanda ndege, ili ukifika mezani uwe umeshaamua.

Habari njema ni kwamba eneo hilohilo mtakalokuwa ndilo lenye unafuu. Okachimachi kuna msikiti, umbali mfupi wa kutembea kutoka Ameyoko, na migahawa ya halali ya Kihindi, Kipakistani, Kituruki na ya Kijapani imezagaa kati ya Ueno na Asakusa. Asakusa hasa mtapata rameni (tambi za mchuzi) ya halali na hata nyama ya wagyu, yaani ng'ombe wa Kijapani, iliyochinjwa kwa utaratibu. Ila mjue jinsi ya kusoma alama. Japani hakuna chombo kimoja cha serikali kinachotoa cheti cha halali. Zipo taasisi kadhaa, kila moja na masharti yake. Duka moja lina cheti cha jiko zima. La pili linatumia nyama ya halali lakini bia inauzwa. La tatu limejiandikia tu kwamba linawakaribisha Waislamu, yaani halina nguruwe lakini mirin imo. Kaeni nyumbani mkubaliane mipaka yenu, kisha shemeji, ambaye Kijapani chake naamini kinatosha, apige simu na kuuliza maswali mawili tu: nyama inatoka wapi, na je, mnatumia sake au mirin. Kwa vya pakiti madukani, wewe mwenyewe jifunze maumbo mawili: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Ukiliona lolote kati ya hayo kwenye orodha ya viungo, rudisha.

Kuhusu sala, mwishoni mwa Novemba mchana wa Tokyo ni mfupi. Adhuhuri huingia kabla ya saa sita, na jua huzama saa kumi na nusu. Mkila saa tano, mtasali Okachimachi mkiondoka hapo. Magharibi itawakuta mitaani, basi ipangieni mahali mapema. Asakusa pia kuna msikiti, ndiyo sababu nyingine ya kula chakula cha jioni huko. Na vaeni: mchana ni nyuzi 15 hivi, usiku hushuka chini ya 10, na mtu wa pwani baridi hiyo huihisi mpaka mifupani.

Sasa kodi. Ushauri uliopewa ulikuwa sahihi zamani kidogo. Japani hutoza kodi ya matumizi ya asilimia 10, na asilimia 8 kwa chakula cha kubeba. Utaratibu wa zamani ulikuwa unaonesha pasipoti, unauziwa bila kodi palepale. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 umebadilika. Unalipa bei kamili pamoja na kodi, duka linaandikisha ununuzi kwenye pasipoti yako kwa njia ya mtandao, na unapoondoka nchini forodha ikithibitisha kwamba mali unatoka nayo, ndani ya siku 90 tangu ununue, ndipo unarudishiwa. Sharti la kununua angalau yen 5,000 kabla ya kodi, duka moja siku moja, limebaki. Limeondoka lile la kutenganisha vipodozi na vyakula na kuvifunga kwenye mfuko usiofunguliwa, sasa vyote huhesabiwa pamoja. Siku ya kuondoka, fika uwanja wa ndege mapema na mzigo wote ukiwa nao. Pitia hatua ya forodha kabla hujakabidhi sanduku, maana afisa anaweza kutaka kuviona. Na hapo dukani uliza pesa zitakurudia kwa njia gani, kwenye kadi au vinginevyo, usije ukashangaa baadaye.

La shemeji kununua kwa pasipoti yako, hapana. Haki hiyo ni ya mgeni wa muda mfupi. Yeye ni mkazi kwa viza ya masomo, hana haki hiyo, na kumtumia wewe kama mlango ni kutoa taarifa ya uongo. Hata kitu ulichonunua mwenyewe ukimwachia Yokohama, ukifika forodha huna cha kuonesha na hurudishiwi. Viatu vyake alipie kodi kama wakazi wengine.

Na tupige hesabu kidogo, kwa kuwa watu hujitesa kwa ajili ya kodi hii. Katika yen 60,000 zenu, chakula cha mchana cha watu wawili ni kama 3,000, kahawa na kitu kitamu 2,000, nauli 3,000 hivi, na chakula cha jioni cha kujipongeza tuseme 15,000. Zinabaki 37,000 za kununulia. Hata kama zote mngezitumia kwa vitu vyenye haki ya kurudishiwa, kodi yake haifiki yen 3,400. Si pesa ya kutupa, lakini haitoshi kuwafanya mwache kitu mlichokipenda kwenye duka dogo mkanunue msichokipenda kwenye duka kubwa kisa mfikishe 5,000.

Sufuria ya wali. Naelewa kwa nini unaitaka, zinapika vizuri kweli. Lakini usinunue ile utakayoiona imepangwa mbele ya duka. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Nguvu inayopita kwenye waya wa kuchemsha huongezeka kwa mraba wa volti, kwa hiyo ukiichomeka nyumbani itavuta zaidi ya mara tano ya ilichotengenezewa. Ya wati 600 itajaribu kuvuta zaidi ya 3,000, na itaungua siku hiyohiyo, ikibahatika isiunguze na ukuta. Transfoma ya kupunguza umeme kwa kifaa cha joto kama hicho ni nzito na ni ghali, haina maana. Kinachotakiwa ni toleo la kuuzwa nchi za nje lililoandikwa volti 220 hadi 240. Maduka makubwa ya vifaa vya umeme ya Akihabara huwa na sehemu ya bidhaa hizo kwa wageni, na Akihabara ni kituo kinachofuata baada ya Okachimachi, hata kwa miguu mnafika. Msiamini maneno ya muuzaji pekee. Igeuzeni sufuria, msome kibandiko cha chini kwa macho yenu. Bei yake huwa juu kuliko ya volti 100, na ikimeza nusu ya bajeti yenu, basi mimi ningeiacha na kununua chungu cha udongo cha kupikia wali. Kinakaa juu ya jiko la gesi, hakijui volti.

Mkinunua kisu, kiacheni kimefungwa na duka mpaka nyumbani. Kutembea na kisu bila sababu ya msingi ni kosa kule, na kwenye ndege kinakwenda kwenye sanduku la chini.

Mchana uliobaki ni wa Ginza, mtaa wa maduka ya kifahari, na hapa sikukuu inawapa zawadi. Barabara kuu ya Chuo-dori hufungwa kwa magari Jumamosi, Jumapili na sikukuu, utaratibu ulioanza Agosti 1970. Majira hayo ya baridi ni kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja jioni. Mnatembea katikati ya lami, mkiwa mmeshikana mikono, na hakuna atakayewashangaa kwa hilo, ingawa kubusiana hadharani hawakuzoea. Kutoka Ueno mnachukua treni ya chini ya ardhi ya Ginza Line, ambayo kipande chake cha kwanza, Asakusa hadi Ueno, kilifunguliwa mwaka 1927, cha kwanza katika Asia. Pale Ginza ingieni Itoya kwa vifaa vya kuandikia, zawadi nyepesi za kubeba. Shukeni pia sakafu ya chini ya duka kubwa kama Mitsukoshi au Matsuya, mkaone vyakula vilivyopangwa kama vito. Mikani (machungwa madogo ya Kijapani) na tofaa za msimu huo hazihitaji kusoma viungo. Mkinunua, msile mkitembea ndani ya duka.

Mizigo isiwashinde. Makabati ya kuwekea mizigo kwa sarafu vituoni hujaa mapema siku za sikukuu, hasa yale makubwa, basi mkiona tupu Ueno asubuhi liwahini, au sivyo vitu vizito nunueni mwisho. Na mkianza kuchoka, Ginza ndiyo ya kuacha. Jioni msiiharibu. Ikiwa hata Tokyo yenyewe mnaiona mbali, maduka ya Minato Mirai pale Yokohama yako wazi siku hiyo na bahari iko mbele yenu, ingawa uchaguzi wa halali ni mdogo kuliko Asakusa. Mtu akiwashauri gari na maduka ya punguzo ya Gotemba, kataeni. Foleni ya barabara kuu mwisho wa mapumziko ya siku tatu ingewala saa zenu zote.

Yapo mambo ambayo makala haiwezi kuyamaliza. Hali ya viza ya shemeji na haki ya kodi, kukiwa na utata wowote, ulizeni kaunta ya kodi ya duka kabla ya kulipa, si baada. Kama mmoja wenu ana mzio wa chakula, kama wa ngano, karanga au kamba, kadi ya kuandika haitoshi. Muone daktari hapa kabla ya safari, ubebe dawa zako na barua yake. Zahanati nyingi zitakuwa zimefungwa siku hiyo, zinabaki za zamu ya sikukuu na hospitali za dharura. Kama tumbo au jino linakusumbua tangu Ijumaa, nenda Jumamosi asubuhi, usingoje Jumatatu. Gari la wagonjwa ni 119, polisi ni 110. Mkipoteza pochi au simu, nendeni wenyewe kwenye kibanda cha polisi kilicho karibu, vinavyoitwa koban, au ofisi ya kituo cha treni. Vitu vingi hurudi kule. Ikipotea pasipoti, chukueni karatasi ya polisi siku hiyohiyo, na ubalozi muupigie kesho yake, kwa kuwa sikukuu huenda usipate mtu.

Meza ya jioni Asakusa shemeji aiwekee nafasi kabla Oktoba haijaisha, ya saa kumi na moja na nusu, kwa watu wawili, aulize na yale maswali mawili ya nyama na mirin. Mkimaliza, Ginza Line itawafikisha Shimbashi, na hapo mtapanda JR ya kurudi Yokohama.